Lita Ishirini za Uchafu Halali

Ipo nchi moja ambayo jina lake halitatajwa hapa, si kwa woga, hasha, bali kwa kuwa viongozi wake hulitaja mno katika hotuba zao na si uungwana kulichosha zaidi. Nchi hiyo ina mlima mmoja, mto mmoja na wizara arobaini na mbili. Mlima haujawahi kuleta shida. Shida ni mto.

Kwa miaka mingi mto huo ulikuwa na rangi ya maji. Baadaye ukaanza kubadilika: mwaka mmoja ukawa kijani, mwaka uliofuata ukawa kahawia, na mwaka wa uchaguzi ukatoa povu lililofika magotini mwa ng'ombe. Serikali haikukaa kimya. Iliteua wataalamu tisa, nao, baada ya kuutazama mto kwa miezi kumi na minne kupitia madirisha ya hoteli, walitangaza kwamba uchafu wote unatoka majumbani: katika makarai, masufuria, mabeseni ya kufulia na ndoo za kudekia. Kiwanda cha ngozi kilichoko juu ya mto kilichunguzwa vilevile kwa haki, lakini wachunguzi walikuta lango limefungwa, wakaandika kwamba kiwanda hakipo.

Hapo ndipo Waziri wa Mito, Mifereji na Mambo Yote Yatiririkayo alipolihutubia taifa kwa redio.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Adui tumemwona! Hayuko mipakani. Adui yuko jikoni, amejificha chini ya sufuria!"

Akatoa amri. Kila nyumba, kila Jumanne, ipeleke lita ishirini za maji machafu katika Kituo cha Serikali cha Kupokelea Maji Machafu, ili maji hayo yasije yakaingia mtoni. Kila lita itakayopokelewa, alisema Waziri, ni lita iliyookolewa.

Wapo watu wawili watatu, wasio na kazi, waliouliza maji hayo yakishaokolewa yatapelekwa wapi. Swali lao lilijibiwa kwa kitendo. Kituo kilijengwa ukingoni kabisa mwa mto, na kwa nyuma kikawekewa bomba nene. Wala bomba hilo halikufichwa. Lilipakwa rangi za bendera.

*

Katika mtaa wa Ng'ambo ya Daraja aliishi mjane mmoja wa miaka sitini na minane, jina lake Bi. Mwanakombo, mwuza maandazi na ndizi mbivu. Mtaa mzima ulimjua kwa maandazi yake, na kwa ukali wake katika mambo ambayo wengine huyaona madogo.

Alipokwisha kukaanga, aliyaacha mafuta yapoe, akayachuja kwa kipande cha kanga kuukuu na kuyatia katika kopo, yakisubiri siku ya kupika sabuni. Karai hakulitia maji mpaka alifute kwanza kwa majivu. Makombo yalikwenda kwa kuku. Sakafu ilifagiwa ndipo ikadekiwa, si kinyume chake. Nguo alizifulia juu ya sakafu ya saruji nyuma ya nyumba, kwa kipande cha sabuni alichokipima kama dawa, na hakuna aliyemwona akifulia mtoni tangu alipoolewa. Maji yote yaliyobaki yalishuka katika shimo lililokuwa na kokoto chini, mkaa uliopondwa katikati na makumbi ya nazi juu, na kutoka hapo yakanywewa na migomba saba. Mfereji uliopita mbele ya nyumba yake ulikuwa mkavu hata kuku walitagia humo.

Shimo hilo alilichimba yeye na marehemu mumewe, Mzee Shaweji, mwaka wa kipindupindu. Ugonjwa huo uliwachukua watu kumi na saba wa mtaa ule, mmoja wao akiwa mtoto wao wa kwanza. Wazazi hao hawakuteua wataalamu. Walichukua jembe.

*

Jumanne ya kwanza Bi. Mwanakombo, ambaye katika maisha yake hajapata kuvunja amri ya serikali yoyote, alijipanga foleni Kituoni na ndoo yake. Mbele yake alikaa Bwana Kondo, Afisa Mpokeaji wa Daraja la Pili, mtu mwenye kofia, kitabu kikubwa, na fimbo ya kupimia iliyochorwa alama nne: Chafu Kidogo, Chafu, Chafu Sana, na Chafu Kupita Kiasi.

Bwana Kondo alichungulia ndani ya ndoo. Akavua miwani, akaifuta, akachungulia tena.

"Mama, hii ni nini?"

"Maji ya kusuuzia vikombe, mwanangu. Ndiyo yaliyobaki. Mengine yameshakwenda migombani."

"Mbona hayafiki hata robo lita? Na mbona naona mpaka chini ya ndoo?"

"Niliisugua jana."

"Mama, mimi sikuajiriwa kutazama chini ya ndoo! Nimeajiriwa kupokea uchafu. Fimbo yangu haina alama ya kitu kama hiki. Sasa nikuandike nini?"

"Niandike msafi."

"Neno hilo halimo kitabuni."

Nyuma ya Bi. Mwanakombo alisimama jirani yake, Bi. Sikudhani, mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuuzia samaki. Alikuwa na ndoo mbili nyeusi kama kahawa ya msibani.

"Mhurumie, Bwana Kondo," alisema, ili foleni yote isikie. "Mwenzetu huyu hapiki. Hujilisha harufu ya vyakula vya majirani."

Foleni ikaangua kicheko.

"Napika, Sikudhani," alijibu Bi. Mwanakombo bila kugeuka. "Na ungekuwa umenirudishia sahani yangu ya mfungo wa mwaka juzi, ungenikuta napakulia ndani yake."

Foleni ikacheka kwa upande wa pili. Bwana Kondo aligonga meza kwa fimbo, akamwandika Bi. Mwanakombo kwa wino mwekundu: *Hajaleta. Huenda anaficha.*

*

Ni lazima ikumbukwe, kwa ajili ya haki, kwamba kabla ya amri ile wakazi wa Ng'ambo ya Daraja hawakuwa watu wachafu. Walikuwa wazembe kidogo, kama watu wa kila mahali. Nyumba ya kawaida haikuweza kutoa lita ishirini za uchafu wa kweli kwa juma, hata ingejitahidi namna gani. Lakini raia mwema hujitahidi.

Watu waliokuwa wakifuta masufuria waliacha kufuta. Mafuta yaliyokuwa yakitumiwa mara mbili yalimwagwa yangali yanang'aa. Sabuni ya unga ilitiwa kwa konzi. Bi. Sikudhani, ambaye Mungu alimjalia kipaji, alibuni mchanganyiko wa mafuta ya taa, masizi, udongo wa mfinyanzi na rangi ya mikeka, ambao ndoo yake moja tu ilitosha kuandikwa Chafu Kupita Kiasi na kupewa cheti. Majirani walikuja kujifunza. Nyumba ambazo zamani zilionea aibu uchafu wao sasa zilitundika vyeti ukutani, kando ya picha ya arusi.

Na maji yale yote, baada ya kupokelewa kwa saini na muhuri, yaliokolewa kupitia lile bomba la bendera.

Mto ukageuka rangi mara tatu kwa juma moja. Samaki walipanda juu kutazama kulikoni, wasirudi chini tena. Wizara ikastuka. Ikiwa wananchi wanaleta uchafu wao wote Kituoni, Wizara ilijiuliza, huu uliomo mtoni unatoka wapi? Jibu lilikuwa moja tu: yupo mtu asiyeleta wa kwake. Kitabu kikafunguliwa. Katika nchi nzima, wino mwekundu ulikuwa kwenye jina moja.

*

Bwana Kondo alifika kwa Bi. Mwanakombo na wasaidizi wawili na hati ya upekuzi. Walitazama uvunguni. Walitazama nyuma ya kabati. Msaidizi mmoja alifungua kopo la mafuta yaliyochujwa, akalinusa, akasikitika kwamba halinuki. Hatimaye wakatoka uani, wakasimama juu ya shimo.

"Maji yanaingia hapa?" aliuliza Bwana Kondo.

"Yanaingia."

"Yanatokea wapi?"

"Hayatokei. Huchujwa, yakanywewa na migomba."

"Kwa maneno mengine, yanatoweka."

"Hayatoweki, Bwana Kondo. Zile ndizi ulizokula kwangu mwezi wa Shaabani zilikuwa nini?"

Bwana Kondo alikohoa. Msaidizi aliyekuwa akiandika aliinua kalamu, akauliza kama ndizi nazo ziingie katika taarifa. Akaambiwa zisiingie.

"Sikiliza, mama. Katika nchi hii, kitu kikiingia mahali na kisionekane kikitoka, hilo ni jambo la kufanywa na Serikali peke yake, na huwa na kibali. Wewe una kibali?"

"Nina jembe."

Hati ya pili ikaandikwa pale pale. Bi. Mwanakombo alishitakiwa kwa kuhodhi uchafu wa taifa. Akapewa mpaka Jumanne ya tatu, saa sita mchana, awe amekabidhi lita ishirini kamili za maji machafu. Akishindwa, shimo litazibwa kwa saruji moja kwa moja, na migomba saba itang'olewa kwa kosa la kunufaika na uchafu.

Wageni walipoondoka, Bi. Mwanakombo alikaa juu ya kinu kilicholazwa, akalitazama shimo lake. Likizibwa, maji yake yatakuwa na njia moja tu: mfereji, kisha mto. Kwa miaka thelathini na tisa alijiambia kwamba mtoni hakijashuka kitu kutoka nyumbani kwake. Hakuwahi kumwambia mtu. Haikuwa sifa, ilikuwa ahadi, na mtoto aliyeahidiwa alikuwa chini ya ardhi.

*

Jioni Bi. Sikudhani alikuja kwa mlango wa uani, amejitwisha ndoo iliyofunikwa kwa sinia.

"Dada Mwanakombo, mimi na wewe tunataniana, lakini hatuuani. Chukua hii. Nimekukorogea kwa mkono wangu, ya daraja la juu. Ipeleke Jumanne, ulibakize shimo lako."

Bi. Mwanakombo alifunua sinia, akalifunika tena upesi.

"Umetia nini humu?"

"Usiulize. Kondo akiinusa atasimama kwa heshima."

"Kisha ataipeleka wapi?"

"Si unajua. Kwenye bomba."

"Basi nitakuwa nimelibakiza shimo kwa kumwaga ndoo hii mtoni."

"Humwagi wewe! Inamwaga Serikali. Mkono ni wake."

"Na anayekunywa, mdomo ni wa nani?" Bi. Mwanakombo aliuliza taratibu. "Mama yako anaishi kule chini, Magengeni. Anachota wapi maji, Sikudhani?"

Bi. Sikudhani alilikaza sinia juu ya ndoo. Kisha akajitwisha ndoo yake kwenda kwao, na safari hii shingo yake ilionyesha kwamba ndoo ni nzito.

*

Kwa kuwa hilo lilikuwa shimo la kwanza kuzibwa katika vita hivi, iliamuliwa kwamba Waziri mwenyewe aje kulizindua. Na kwa kuwa haifai Waziri azindue saruji mbichi, Serikali, kwa sifa yake ya kuwahi, ilimtuma fundi Jumatatu, siku moja kabla muda wa mshitakiwa haujaisha.

Fundi aliitwa Mbaruku, mwashi stadi, mtaratibu. Alipanga mbao juu ya mdomo wa shimo, akaweka fremu yenye kina cha dhiraa moja, kwa kuwa Serikali hiyo haifanyi mambo membamba. Kisha akaletewa maji ya kukorogea. Akayatazama.

"Bwana Kondo, maji haya yanatoa povu."

"Ni maji ya mto, kutoka Kituoni. Waraka unasema kazi ya Serikali itumie maji ya Serikali."

"Yana sabuni. Yana mafuta. Saruji haishiki kwa maji ya namna hii, bwana. Itabaki uji."

"Fundi, wewe umeitwa kukoroga au kutoa maoni?"

Fundi Mbaruku aliona aibu ya ufundi. Akaenda kwa adabu mpaka barazani, ambako Bi. Mwanakombo alikuwa akipepeta mchele, kando ya pipa lake la maji ya mvua.

"Shikamoo, mama. Nakuomba ndoo mbili tu za maji safi. Kazi mbovu itaniharibia jina."

"Marahaba, mwanangu. Chai nitakupa, na maandazi utakula. Lakini maji ya kulizikia shimo langu, nenda kaombe kwingine."

Fundi akanywa chai, akala maandazi manne, akarudi kukoroga alichopewa. Alifanya kazi kichwa chini, kama mtu anayeandika barua asiyoiamini.

Jumanne asubuhi Bwana Kondo alifika mapema kukagua. Aligusa saruji kwa kidole. Kidole kikazama mpaka kwenye pete. Sasa, taarifa kwamba saruji imekauka na kuwa ngumu kama mwamba ilikuwa imeshapelekwa Wizarani tangu Jumatatu mchana, na afisa mwaminifu hawezi kuisaliti taarifa yake kwa ajili ya kidole. Bwana Kondo alitandika zulia jekundu juu yake.

*

Waziri alifika saa tano na nusu, na magari kumi na mawili, bendi ya tarumbeta na waandishi wa habari. Mtaa wote ulikuwa umejaa uani kwa Bi. Mwanakombo. Mwenye nyumba mwenyewe alikaa kwenye kibao cha mbuzi karibu na jiko, kwa kuwa viti vilikuwa vya wageni.

Waziri alipanda juu ya zulia. Akalikanyaga mara mbili kuonyesha uimara wa kazi.

"Ndugu wananchi! Leo nimesimama juu ya kaburi la uchafu! Naomba muutazame msimamo huu. Serikali yenu haiyumbi, haitikisiki, wala haizami!"

Makofi yakapigwa. Waziri akashuka kidogo.

"Wapo waliosema vita hivi ni vizito. Nami nasema, mguu tuliouweka mbele haurudi nyuma!" Akajaribu kuunyanyua mguu huo kwa mfano. Haukurudi nyuma, wala haukwenda mbele.

Watu wa mbele waliona kwamba Mheshimiwa amekuwa mfupi. Kwa heshima hawakusema. Mzee mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba viongozi wa siku hizi wanajua kujishusha.

"Tutasonga..." Waziri alisema, naye sasa alikuwa amezama hadi magotini. "Tutaso... Kondo! Kondo, wewe! Hiki ni nini?"

"Ni mwamba, Mheshimiwa."

"Nitoe!"

Bendi, ambayo ilielekezwa ipige kila hotuba inapokatika, ikapiga. Wasaidizi wanne walimvuta Waziri kwapani kwa mdundo wa tarumbeta, akachomoka ghafla kama kizibo, viatu na soksi vikabaki vinatumikia taifa. Miguu yake ilikuwa ya kijivu mpaka magotini, yenye madoa ya rangi ya zulia.

"Aoshwe upesi!" alipaza sauti Fundi Mbaruku. "Saruji mbichi hula ngozi!"

Bwana Kondo alikuwa tayari ameshakimbia. Akarudi na ndoo iliyopakwa rangi za bendera, inatoa povu kama inachemka. Waziri aliinama, akanusa, akarudi nyuma kwa visigino.

"Niondolee kitu hicho! Ni nini?"

"Ni mto, Mheshimiwa."

"Mto gani?"

"Wetu. Tuliouokoa."

"Hivi nchi nzima hakuna maji safi?"

Macho ya mtaa mzima yaligeuka, yakalitazama lile pipa barazani, kisha yakamtazama Bi. Mwanakombo.

Yeye alikuwa ameshasimama. Jana alimnyima fundi maji ya kuzibia. Leo mtu anaungua ngozi, na hilo lilikuwa jambo jingine. Alileta kibao chake, akamkalisha Waziri, akavuta beseni, akachota maji ya mvua na kukata kipande cha sabuni. Akamwosha miguu bila papara wala unyenyekevu, kama aoshavyo mtoto aliyetoka kucheza topeni. Beseni la kwanza likawa zito, akalimimina katika ndoo yake. La pili vilevile. La tatu lilipochafuka, msaidizi mmoja mwenye bidii alilinyanyua ili alimwage mferejini.

"Weka chini!"

Sauti ilikuwa ya namna ambayo msaidizi aliliweka beseni, na Waziri naye akauweka chini mguu aliokuwa ameunyanyua.

"Katika nyumba hii," alisema Bi. Mwanakombo, "hakimwagwi kitu mferejini."

Akalimimina la tatu katika ndoo. Ikajaa hadi kwenye alama ya lita ishirini. Akajifuta mikono kwa upindo wa kanga, akanyoosha mgongo.

"Bwana Kondo, leo ni Jumanne ya tatu na saa sita bado. Leta kitabu chako."

Bwana Kondo aliitazama ndoo, akamtazama Waziri, akaitazama saa. Mkono wake wenyewe, kwa mazoea, uliitumbukiza fimbo.

"Lita ishirini," alisema kwa sauti ya mtu anayeota. "Chafu... Chafu Kupita Kiasi."

"Alhamdulillahi!" alipaza sauti Bi. Sikudhani. "Amefaulu kwa daraja la juu!"

"Chanzo cha uchafu," aliendelea Bwana Kondo, kwa kuwa kitabu kilidai. Kalamu ikasita. "Niandike nini, Mheshimiwa?"

Waandishi wa habari walisogea. Waziri alipangusa jasho. "Andika... majumbani."

"Hapana, baba," alisema Bi. Mwanakombo. "Nyumba yangu usiisingizie. Haya yametoka miguuni mwako, na mtaa mzima umeona."

"Andika 'Mgeni wa Heshima'," alisema Waziri kwa meno yaliyofungwa, "upige muhuri, tuondoke."

Muhuri ukapigwa. Bwana Kondo akashika mpini wa ndoo. Bi. Mwanakombo naye akaushika.

"Unaipeleka wapi?"

"Kituoni, mama. Sheria inasema maji yapokelewe Kituoni."

"Haya hayatoki hapa. Nitayaacha yatuame. Saruji ikikaa chini nitaizika kule kwenye jalala, na maji yake yatachujwa. Mtoni hayaendi."

"Basi hayajapokelewa! Na kama hayajapokelewa, shimo..."

"Mheshimiwa!" aliita mwandishi mmoja, ameinua kamera. "Tunaweza kupata picha ya miguu?"

Mtu aliye peku mbele ya kamera hufikiri haraka kuliko baraza la mawaziri. "Hapa hapa ni Kituo!" Waziri alipaza sauti. "Kuanzia sasa! Kituo Namba Mbili! Yamepokelewa! Gari liko wapi?"

Katika nchi hiyo, neno la Waziri likipigiwa makofi mbele ya bendi huwa sheria. Kwa muda wa pumzi moja hakuna aliyepiga makofi. Kisha akaanza Bi. Sikudhani, kwa viganja vyake vikubwa, na mtaa mzima ukafuata. Bendi ikamalizia.

Kabla ya alasiri Fundi Mbaruku alikuwa ameuzoa uji wake kwa koleo, bila gharama kwa mtu yeyote, na uso wake ulikuwa wa furaha.

*

Tangu siku hiyo foleni ya Jumanne ikahamia kwa Bi. Mwanakombo. Lakini Kituo Namba Mbili hakikuwa na kofia wala fimbo. Kilikuwa na bibi mmoja aliyekaa mlangoni na kuchungulia kila ndoo.

"Haya mafuta yote? Rudi, ukayachuje. Utapikia sabuni."

"Wali huu ni wa kuku, si wa ndoo. Rudi."

"Povu hili lote ulikuwa unafua nguo za jeshi? Rudi."

"Vidonge vya dawa? Nani alikufundisha kutia dawa kwenye maji? Virudishe zahanati!"

Bi. Sikudhani alirudishwa mara tatu kwa siku moja. Mara ya nne alikuja na kikombe kimoja cha maji ya kusuuzia, akakishika kwa mikono miwili kama amebeba yai, na Bi. Mwanakombo akakitazama kwa muda mrefu mno kwa makusudi, kisha akamwonyesha shimo. Ndoo za mtaa zikawa nyepesi. Vyeti vikashushwa ukutani. Watu wakaanza kuchimba mashimo yao nyuma ya nyumba, kwanza kwa siri, baadaye kwa kushindana ni la nani limepangwa kokoto vizuri.

Isidhaniwe kwamba mto ulipona. Kile kiwanda cha ngozi kiliendelea kutokuwepo kwa bidii kubwa. Lakini bomba la Kituo Namba Moja likakauka, povu likakatika pale Magengeni, na mama yake Bi. Sikudhani alituma salamu kwamba akiingia kuchota maji anaziona kucha zake.

Wizara iliposoma takwimu, ikaingiwa na hofu. Makusanyo ya uchafu yalikuwa yameporomoka kwa asilimia tisini na nane. Ikaundwa Tume ya watu kumi na mmoja, chini ya Profesa mstaafu mwenye shahada tatu, ili kuchunguza uchafu wa taifa umepotelea wapi.

Tume ilifika kwa Bi. Mwanakombo mchana, ikaketi barazani, ikafungua majalada.

"Mama," alianza Mwenyekiti, "tunataka jibu la wazi. Uchafu umekwenda wapi?"

"Mmekula?"

Majalada yakafungwa. Kwa kweli, hawakuwa wamekula. Wakaandaliwa wali na samaki wa kukaanga, nao wakala kama watu waliotoka kufunga bila posho. Walipomaliza, Mwenyekiti akanyanyuka ili aendelee na mahojiano.

"Sahani yako, baba," alisema Bi. Mwanakombo. "Hapa kila mtu huosha yake."

Wajumbe wakatazamana. Mwenyekiti alichuchumaa kwa shida, ameshika sahani yenye mafuta kama mtu aliyepewa ramani ya nchi ya wengine. Akaelekeza mkono kwenye beseni la maji.

"Bado. Mwiba huo mpe paka. Sasa chota majivu kidogo, ufute mafuta yote, majivu uyatie kule jalalani. Ndipo maji."

Profesa akafuta. Akaosha. Akatazama ndani ya beseni, akashangaa, kwa kuwa maji yalikuwa bado maji. Akaiweka sahani magotini, akatoa daftari kwa vidole vyenye majivu.

"Mama," aliuliza kwa sauti ya chini, ili wajumbe wasimsikie, "jambo hili limeandikwa wapi?"

"Halijaandikwa," alisema Bi. Mwanakombo. "Geuza sahani, baba. Upande wa chini bado."